Fundi Anayeiona Baiskeli Ikirudi

Katika miji ya Afrika Mashariki ambako baiskeli bado ni chombo cha kazi, kama vile Tanga, Shinyanga, Tabora, Mwanza na Kisumu, duka la baiskeli kwa kawaida huwa na washauri wawili ambao mnunuzi huwachukulia kama mmoja. Wa kwanza ni mwenye duka, anayekaa ndani nyuma ya kaunta, ambaye mali, bei na risiti viko mikononi mwake. Wa pili ni fundi, anayekaa barazani na sanduku lake la spana, beseni la maji la kutafutia pancha na mafungu ya spoku yaliyoning'inizwa ukutani, ambaye mara nyingi haajiriwi na duka bali hulipwa kwa kila kazi anayoifanya. Mwenye duka huiona baiskeli inapoondoka ikiwa inang'aa. Fundi huiona inaporudi imepinda, imelegea au imekatika. Kwa sababu hiyo ushauri wa wawili hao hauna uzito sawa, na mnunuzi anayemaliza mapatano ya bei ndani ya duka bila kusimama barazani na kuuliza huwa ameacha sehemu bora ya ununuzi wake bila kuitumia.

Ujuzi wa fundi wa mtaani haukutoka kwenye vitabu vya kiwanda, bali umejengwa na mrundikano wa hitilafu alizozitengeneza kwa miaka, na ndiyo maana ni ujuzi wa mahali pale alipo. Tanga ni tambarare lakini upepo wake una chumvi, inayokula ringi za chuma na nati za madigadi. Mwanza ina vilima vya mawe vinavyochosha breki. Shinyanga ina masafa marefu ya barabara za vumbi, na vumbi hilo likichanganyika na mafuta ya mnyororo hugeuka kuwa tope kali linalosaga meno ya sproketi, yaani gurudumu dogo lenye meno linalopokea mnyororo. Baiskeli moja ya toleo moja huzeeka kwa njia tatu tofauti katika miji hiyo mitatu. Mtengenezaji aliye mbali hawezi kuijua tofauti hiyo, na mwenye duka huijua kwa kusikia tu, lakini fundi ameishika kwa mikono yake.

Soko ambalo mnunuzi anaingia lina makundi matatu makubwa. La kwanza ni la baiskeli nzito za chuma zenye magurudumu ya inchi 28, ambazo Kenya huitwa Black Mamba na Tanzania hutajwa zaidi kwa majina ya viwanda vyake: Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana katika jimbo la Punjab nchini India, na kabla yake Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Umbo lake halijabadilika sana tangu John Kemp Starley alipotoa baiskeli ya Rover huko Coventry mwaka 1885 na John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, na hali hiyo ya kutobadilika, ambayo mgeni anaweza kuidhania udhaifu, ndiyo nguvu yake kubwa, kwa kuwa kipuri cha miaka arobaini iliyopita mara nyingi bado kinaingia katika baiskeli ya leo. Kundi la pili ni la baiskeli zinazoitwa za milimani, zenye giya nyingi, matairi mapana na pengine shokapu, zinazofika zikiwa vipande ndani ya maboksi. La tatu ni la mitumba kutoka Japani na Ulaya, ambayo nyingi imetengenezwa vizuri kuliko baiskeli mpya za bei rahisi, lakini hubeba tatizo ambalo mnunuzi haoni mpaka siku tairi linapokwisha.

Tatizo hilo ni la vipimo, na linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowagharimu wanunuzi wengi bila wao kujua kosa lilikuwa wapi. Baiskeli ya milimani huvaa tairi lililoandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.125, na ringi yake, ikipimwa mahali ambapo ukingo wa tairi unakaa, ina kipenyo cha milimita 559. Baiskeli ya mjini ya Kijapani, ile yenye kikapu mbele na kufuli la duara kwenye gurudumu la nyuma, huvaa tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, ambalo kwa mnunuzi ni inchi 26 ileile, lakini kipenyo cha ringi yake ni milimita 590. Tofauti ya milimita 31 inatosha kulizuia tairi la kwanza lisivalike kabisa katika ringi ya pili, na kulifanya tairi la pili lipwaye katika ringi ya kwanza hata litoke. Ukubwa wa inchi 28 nao una mgawanyiko wa namna hiyo, kwani ringi za baiskeli nzito za India na China zina kipenyo cha milimita 635, ilhali baiskeli nyingi za Ulaya zinazotajwa kuwa za inchi 28 zina ringi za milimita 622. Kipimo cha kweli kiko ubavuni mwa tairi lenyewe kwa utaratibu wa kimataifa unaoitwa ISO 5775, ambao ni namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 37-590: ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha ringi, zote kwa milimita. Mnunuzi akikumbuka kusoma namba ya pili tu, atakuwa amejiepusha na hasara kubwa.

Fundi, hata asiyewahi kusikia habari za ISO, huujua ukweli huu kwa njia nyingine: anajua ni matairi gani yanapatikana katika maduka ya mji wake na ni yapi lazima yaagizwe kutoka Kariakoo au Nairobi. Anajua pia kinachotokea pale tairi la 590 linapokosekana na mwenye baiskeli akaamua kubadilisha ringi ili ivae tairi la 559 lililojaa sokoni. Ringi mpya inakuwa fupi kwa milimita 15 na nusu kila upande, mipira ya breki ya mbele haiifikii tena, na breki nzima inabidi itafutiwe nyingine yenye mikono mirefu zaidi. Gurudumu linasukwa upya kwa spoku za urefu mwingine. Na baiskeli iliyonunuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi inamaliza fedha ambazo zingetosha kununulia iliyo bora. Mlolongo huo fundi anaweza kuueleza kwa sentensi mbili kabla ya fedha kulipwa, lakini ni nadra kuulizwa.

Swali la kwanza la kupeleka barazani, basi, lihusu vipuri kabla ya uzuri wa baiskeli: tairi lake, tyubu yake, yaani mpira wa ndani, mipira yake ya breki na ekseli zake zinapatikana hapa mjini? Habu za giya tatu za Kijapani, ambazo giya zake zimefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, ni kazi ya hali ya juu na hudumu miaka mingi, lakini mafundi wengi wa mitaani hawazifungui, na zikifa hubadilishwa gurudumu zima. Breki ya ukanda, ile inayobana ngoma ndogo pembeni mwa habu ya nyuma, hupiga kelele ikichakaa, na ukanda wake mbadala si bidhaa ya kila duka. Hakuna ubaya kununua baiskeli yenye vitu hivyo, mradi mnunuzi ajue mapema kwamba amenunua kitu ambacho sehemu yake moja au mbili hazitapata mrithi. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na ambalo baiskeli zake za Buffalo zinatumika Kenya, Zambia, Malawi na Zimbabwe, lilijenga mpango wake kwa kufuata mantiki hiyohiyo, likaweka mafunzo ya mafundi wa vijijini na ugavi wa vipuri kando ya baiskeli yenyewe, na keria yake, yaani kibebeo cha nyuma, ikatengenezwa kubeba kilo 100.

Suala la mzigo ndilo linalotenganisha ushauri wa mtaani na ushauri wa jumla unaopatikana kwingine, kwa kuwa maandishi mengi kuhusu kuchagua baiskeli yanamfikiria mpandaji aliye peke yake na mkoba mgongoni. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na madumu manne ni kilo 80 kabla ya kuhesabu mpandaji. Gunia la mkaa au mikungu ya ndizi huweza kuzidi hapo. Uzito huo karibu wote hukaa juu ya gurudumu la nyuma, na ndiyo maana baiskeli nzito za mtindo wa Kiingereza kwa desturi husukwa kwa spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati baiskeli nyingi za milimani huwa na spoku 36 kila gurudumu au pungufu. Fundi mwenye uzoefu wa mizigo hatosheki na idadi, bali huangalia unene, unaopimwa kwa namba za geji ambazo hushuka kadiri waya unavyoongezeka unene: geji ya 14 ni milimita 2.0, ya 13 ni 2.3 na ya 12 ni 2.6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa macho, lakini spoku ya milimita 2.6 ina chuma karibu mara 1.7 ya ile ya milimita 2.0. Kwa mtu wa mizigo, fundi huweza kushauri baiskeli inunuliwe na gurudumu la nyuma livuliwe siku hiyohiyo, matundu ya habu yapanuliwe kidogo na lisukwe upya kwa spoku nene. Ushauri huo unamwongezea fundi kipato, ni kweli, lakini mnunuzi hataona tena spoku zikikatika moja baada ya nyingine katikati ya safari.

Breki nazo huchaguliwa kwa kuangalia mahali. Breki za fito, ambazo vyuma vyembamba hutoka kwenye usukani na kuvuta mipira ibane ringi kwa upande wa ndani, ni imara na hutengenezwa kwa spana na nyundo, lakini ringi ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa mvua hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusimamisha. Katika mji tambarare jambo hilo linavumilika. Kwenye mteremko wa Lushoto au vilima vya Mwanza halivumiliki. Hapo fundi huweza kupendekeza ringi za alumini, ambazo hushika vizuri zaidi zikiwa na maji, au breki ya kukanyaga nyuma, iliyo ndani ya habu na kufanya kazi pedeli inaposukumwa kinyume, ambayo mvua na tope havifiki. Anayekubali breki hiyo lazima ajue kwamba nguvu yake hupitia kwenye mnyororo, hivyo mnyororo ukikatika kwenye mteremko breki ya nyuma nayo imekwenda, na baiskeli isiyo na breki ya mbele inayofanya kazi haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Kwa mtumba, thamani ya fundi huonekana waziwazi zaidi katika ukaguzi, na mnunuzi mwenye busara humlipa ada ndogo aikague baiskeli kabla ya mapatano. Huanza kwa kupitisha kidole chini ya bomba la fremu karibu na kichwa chake, pale linapoungana na sehemu inayoshika usukani, akitafuta mkunjo wa rangi au ufa mwembamba, kwani baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele huacha alama mahali hapo hata ikipakwa rangi upya. Kisha huja kipimo cha uzi. Uzi hufungwa upande mmoja wa ekseli ya nyuma, ukavutwa mbele ukazungushwa kwenye kichwa cha fremu na kurudishwa upande wa pili wa ekseli, halafu nafasi kati ya uzi na bomba la kiti hupimwa kulia na kushoto. Zikipishana kwa zaidi ya milimita chache, fremu imepinda, na baiskeli itavuta upande mmoja na kula tairi maisha yake yote. Mnyororo nao hupimwa kwa rula, kwa sababu pini zake zimepangwa kwa nusu inchi kila moja, hivyo urefu wa pingili 24 ukiwa mpya ni inchi 12 kamili; ukifika inchi 12 na moja ya nane umekwisha, na huenda umekwishaharibu meno ya sproketi pia. Kabla ya kumaliza, hushika mikono ya pedeli na kuitikisa kwa ubavu ili kusikia kama ekseli ya katikati imelegea, na huinua kila gurudumu na kulizungusha huku akitazama umbali wa ringi na mpira wa breki. Anayetaka kujifunza kununua baiskeli asimame karibu naye wakati huo na kuuliza kila hatua inatafuta nini.

Juu ya ukubwa wa fremu na kimo cha kiti maneno machache yanatosha: mpandaji aweze kusimama juu ya bomba bila kuguswa nalo, na akiwa kitini, kisigino chake kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu wake uwe umenyooka. Kinachohitaji mkazo zaidi ni kwamba atakayeipanda baiskeli aende dukani mwenyewe. Baba humnunulia binti yake baiskeli ya kwendea shule kwa kuipima mwilini mwake yeye, na matokeo yake ni msichana anayekanyaga pedeli kwa ncha za vidole kwa miaka minne. Kwa wanaovaa kanga, buibui au sketi ndefu, fremu yenye bomba lililoshushwa haitoshi ikiwa mnyororo uko wazi. Kinachohitajika ni kifuniko kamili cha mnyororo na wavu pembeni mwa gurudumu la nyuma, na vitu hivyo fundi huweza kuvifunga katika baiskeli isiyokuja navyo.

Baiskeli mpya haipunguzi haja ya fundi, kama wengi wanavyodhani. Inayofika katika boksi hufungwa na mtu, na namna ilivyofungwa ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye bomba. Habu nyingi za bei ya chini hutoka kiwandani na grisi kidogo sana, koni zake, yaani nati zinazobana gololi ndani ya habu, zikiwa zimekazwa kupita kiasi. Mfungaji mwenye haraka huziacha hivyo, na gololi huanza kusaga njia yake kabla msimu haujaisha. Mfungaji makini huifungua habu, akapaka grisi ya kutosha, akalegeza koni mpaka gurudumu lizunguke kwa uhuru bila kuyumba, na akakumbuka kwamba pedeli ya kushoto hukazwa kinyume cha ile ya kulia ili isijifungue barabarani. Pia humwambia mnunuzi arudi baada ya wiki chache, kwa kuwa spoku mpya hujipanga na kulegea, na waya za breki hurefuka. Duka lisiloweza kusema ni nani aliyeifunga baiskeli yake halistahili kuaminiwa kwa lingine.

Hata hivyo, si kila ushauri wa barazani ni safi. Mwenye duka husifia kilichopo stoo, hasa kilichokaa muda mrefu, na fundi mwingine hupewa chochote kwa kila mteja anayemsukuma kununua. Njia ya kupima ni kutazama mpangilio wa mazungumzo. Mshauri wa kweli huuliza kabla ya kuonyesha: nani ataipanda, itapita njia gani, itabeba nini, na ikiharibika itatengenezewa wapi. Mshauri wa mauzo huanza na baiskeli, kisha akaitafutia mnunuzi. Dalili nyingine, ambayo pengine ndiyo bora kuliko zote, ni kwamba fundi mzuri anaweza kutaja ubaya wa baiskeli anayoipenda, sehemu itakayoharibika kwanza na gharama yake. Asiyeweza kutaja ubaya wowote ama hajaitengeneza, ama hasemi. Inafaa pia kumuuliza fundi wa duka la pili maswali yaleyale, bila kumwambia jibu la wa kwanza.

Ushauri huo una upande wa kisheria ambao wanunuzi wachache wanaujua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania Bara, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, ambazo zote zilifuata muundo wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zinaeleza kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi mahususi anayoikusudia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji huyo, na bidhaa ikiwa ya aina ambayo muuzaji huiuza katika shughuli zake za kawaida, basi panakuwapo sharti, hata kama halikutamkwa, kwamba bidhaa itaifaa kazi hiyo kwa kiwango kinachokubalika. Sharti hilo, hata hivyo, huondoka pale mnunuzi anapoagiza bidhaa maalumu kwa jina lake la kibiashara. Kwa hiyo mtu anayeingia dukani na kudai apewe Phoenix, akalipa na kuondoka, amejivua kinga ambayo angeipata kama angesema kwamba anataka baiskeli ya kubebea madumu manne ya maji kila siku katika barabara ya changarawe, akauliza ipi inafaa, akafuata jibu.

Maneno ya mdomo ni magumu kuyathibitisha baadaye, na ndiyo maana risiti inapaswa kubeba zaidi ya bei. Namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa chini ya ekseli ya pedeli na huonekana baiskeli ikipinduliwa, iandikwe pale, kwa sababu ndiyo itakayothibitisha umiliki baiskeli ikiibwa na kupatikana. Na chini yake liandikwe neno moja au mawili juu ya kazi iliyokusudiwa, kama vile "ya mizigo" au "ya mwanafunzi". Mwenye duka anayejua alichokiuza huandika bila kusita, na akisita, baiskeli ipelekwe kwanza barazani ikakaguliwe upya kabla fedha haijahesabiwa.